Mgombea Aliyehudhuria Mikutano Yote

Kila kitu kiliharibika siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi, mbele ya ubao wa matangazo wa shule, kati ya ratiba ya mitihani na picha ya namna ya kunawa mikono.

Fundi hakuwa amekwenda pale kusoma. Yeye na kusoma waliachana zamani, darasa la tatu, bila kugombana. Alikuwa ameitwa kutengeneza kitasa cha mlango wa stoo kilichokwama tangu Ijumaa, mfuko wa vifaa begani, na akaupita ule ubao kama alivyoupita mara mia. Akapiga hatua tatu. Ya nne ikagoma.

Akarudi kinyumenyume. Kwenye karatasi mpya yenye muhuri wa buluu, wino haujakauka vizuri, mke wake alikuwa anamtazama.

Haikuwa picha, lilikuwa jina tu. Lakini kwa Fundi jina lile halikuwa la kusomwa, lilikuwa la kutambuliwa, kama unavyomtambua mtu wako kwa mgongo akiwa kwenye foleni. Herufi kumi na saba, mbili kubwa, na ile ya mwisho yenye mkia. Maneno mengine ya karatasi ile ilibidi ayapapase mojamoja, kidole hewani, midomo ikitembea. Majina ya wagombea walioteuliwa. Nafasi ya mwenyekiti wa kamati ya wazazi na walimu. Namba moja, Mwenyekiti aliyepo sasa, muuza saruji. Namba mbili, mke wake.

Mke wake alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili kaburini.

Fundi alisimama pale mpaka kengele ikalia na watoto wakamwagika uwanjani wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyolipita jiwe. Kelele zao alizisikia kwa mbali. Harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi ikampita puani, ile ya mvuke na pamba ya moto, kwa sababu mke wake alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na harufu ile ilikuwa bado inamtembelea Fundi saa ambazo hakuitarajia. Kisha akaenda akafungua kitasa cha stoo. Mikono ilijua kazi yake, haikuhitaji kichwa.

*

Lazima isemwe alivyokufa, maana bila hilo Fundi ataonekana mtu wa ajabu tu.

Alikufa kwa pumu, kwenye kituo cha afya, siku ya Alhamisi mchana kweupe. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati, nyuma ya mlango, hatua nane kutoka kitandani. Kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi wa kituo, na msimamizi alikuwa kwenye kikao. Muuguzi alimtuma mtu, mtu akaambiwa asubiri, kikao hakikatizwi. Fundi alikaa nje kwenye benchi dakika hamsini, mfuko wake wa vifaa miguuni, kwa sababu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia chochote. Baadaye, ilipokuwa haina maana tena, muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini, "Tulikuwa tunasubiri ufunguo."

Fundi aliinuka akaenda kulitazama lile kufuli. Dogo, la shaba, la aina ambayo angeifungua kwa waya huku anapiga miayo.

Tangu siku hiyo hakuwa na mapatano na mtu yeyote mwenye cheo. Diwani, msimamizi, mkuu wa nini, katibu wa nini, wote aliwaweka kapu moja. Alisema wenye madaraka ni mifuko tu: kazi yao kubeba funguo za watu na kukaa nazo vikaoni. Alisema hivyo kwa wateja, kwa majirani, kwa mbwa wa majirani, ila habari ya mke wake hakumsimulia mtu. Watu walimzoea. "Mwacheni Fundi," walisema, "leo upepo umemgeukia."

Sasa mtu atauliza, mwenye chuki hiyo na vikao alikuwa anakwenda kufanya nini kwenye mikutano ya shule?

Ni hivi. Mke wake ndiye aliyemwandikisha binti yao darasa la kwanza. Alisimama foleni nusu siku, akajiandika mwenyewe kama mzazi, na wiki ya pili akahudhuria mkutano wa kwanza. Daftari la mahudhurio lilikuwa kubwa, la jalada gumu, majina ya wazazi yamepangwa kwenda chini, mikutano imepangwa kwenda kulia, na kila mzazi anaweka sahihi kwenye mstari wake. Yeye hakuwa na sahihi ya mbwembwe. Aliandika jina lake lote, taratibu, kama anayepanga mashati.

Mkutano wa pili alikwenda Fundi, mgane wa wiki sita. Mlangoni hakuna aliyemwuliza kitu. Daftari lilikuwa mezani, watu wamejipanga nyuma yake, na jina la Fundi halimo. La mke wake limo. Kando yake kuna mwandiko wa mke wake, na kando ya mwandiko huo kuna kisanduku kitupu kinachosubiri. Fundi akashika kalamu. Akaunakili ule mwandiko, herufi kwa herufi, ulimi nje. Na alipokuwa anaandika, ukumbi ukanyamaza. Viti vikaacha kukwaruza. Aliihisi ile herufi ya mwisho ikipinda mkia chini ya mkono wake kama vile si yeye anayeipinda. Kwa muda wa jina moja, mke wake alikuwepo.

Basi. Hakukosa mkutano hata mmoja tena. Mvua, jua, homa, alikwenda. Waliyoyasema humo hakuyasikia. Alikuwa anakaa safu ya nyuma, macho dirishani, akingoja mkutano ujao.

*

Mchana ule alifunga kibanda chake mapema akaenda kwa Karani.

Karani alikuwa mstaafu wa ofisi ya maji, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, na mwaka huu ndiye aliyepewa kuongoza jopo la uteuzi. Walikuwa watatu kwenye jopo: yeye, mama mmoja mwenye duka la daftari, na mwalimu msaidizi aliyehamia mwaka jana. Mwalimu mkuu aliyejua habari za msiba wa Fundi alikwishahamishwa zamani. Ndivyo wanavyofanya, mtu akishakujua, wanamhamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fundi. Kaa. Umeshaona ubaoni?"

"Nimeona. Ndicho kilichonileta."

"Nilijua utakuja. Chai ipo." Karani akamimina kabla ya kujibiwa. "Nikwambie kitu. Miaka yote hii jopo lilikuwa linateua kwa kujuana. Huyu shemeji wa yule, yule ana gari, yule anajua kuongea. Mimi nikasema hapana, safari hii tutateua kwa daftari. Daftari halina shemeji. Tumekaa siku tatu na rula. Wazazi mia mbili na kumi na nne. Unajua aliyehudhuria mikutano yote ishirini ni nani?"

Fundi alijua. Akaitazama chai yake.

"Mmoja tu," Karani alisema. "Mke wako. Mwenyekiti mwenyewe ana kumi na nane. Kifungu cha tatu kinasema wanateuliwa wawili waliohudhuria kuliko wote. Hakuna cha kujadili. Hongera sana."

"Mzee, kuhusu huyo mke wangu..."

"Simjui kwa sura, nakiri. Mtu mnyamavu, eh? Ndio hao wa kazi. Wapiga domo tumewachoka." Karani alivuta faili, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Na hatukuteua kibubu. Tulimwandikia barua, tukampa mtoto wenu aipeleke. Siku ya pili majibu yamerudi. Hebu ona kama hatukufuata utaratibu."

Fundi alipokea karatasi. Mwandiko ulikuwa ule ule. Herufi zimekaa wima, zimepangwa kama mashati.

"Nisomee, mzee. Miwani nimeiacha." Hakuwa na miwani maisha yake yote.

"Unakubali kugombea? Ameandika, ndiyo. Ukichaguliwa utafanya nini? Ameandika hivi." Karani alikohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kusoma kitu kitakatifu. "Kila kabati la shule litakuwa na funguo mbili."

Kijiko cha chai kikamdondoka Fundi.

"Umeona?" Karani alisema. "Miaka thelathini na moja nimekaa ofisini, sijapata kusoma mpango mfupi namna hii ukawa na akili namna hii. Mwenyekiti kaleta kurasa nne. Nimezisoma zote, hamna kitu."

Fundi alikiokota kijiko. Alikuwa amekuja kusema neno moja tu, na neno lile lilikuwa limekaa kooni kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa.

"Na mtu akitaka kujitoa?"

"Anaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, anaileta mwenyewe. Au siku ya mkutano, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, mwanachama anasimama anampinga, anatoa sababu mbele ya watu wote. Kifungu cha sita. Sababu ikiwa ya kweli, napitisha rula juu ya jina lake, ubaoni na daftarini, wino mwekundu."

"Na daftarini?"

"Daftarini kwanza. Huko ndiko alikotokea."

"Vinginevyo?"

"Vinginevyo yupo," alisema Karani.

Fundi alikwenda kusema ukweli, akaondoka amekunywa chai vikombe viwili.

*

Binti yake alikuwa na miaka kumi na alimwita Chiriku, kwa sababu akianza kuongea asubuhi mpaka jioni hajatia nukta. Siku ile alimkuta ameshafungua kibanda, amekaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, anazipanga kwa ukubwa funguo ambazo hazijachongwa. Jua la saa kumi liliingia kwenye matundu ya bati na kila ufunguo ukashika kitone chake cha mwanga.

"Chiriku. Ile barua ya shule uliisoma?"

"Ndiyo."

"Ukaijibu?"

"Mama ndiye aliyeijibu."

"Chiriku."

"Nilimsomea, baba. Pale anapopigia pasi. Nikamwuliza, unakubali au hukubali."

"Akasema nini?"

Mtoto alifikiri. "Hakusema hapana."

Fundi alikaa kwenye benchi, kando ya jiliwa la kubania funguo. Alitaka kukasirika. Alijipapasa kila mahali akitafuta hasira, na yeye ni mtu ambaye hasira hajawahi kuikosa, lakini leo haikuwepo mfukoni.

"Unajua ni vibaya kumwandikia mtu jina lake?"

"Si wewe unamwandikia?" Chiriku hakuinua macho kwenye funguo. "Nilikuona mwaka jana, nimesimama mlangoni mwa ukumbi. Ulikuwa unaandika jina la mama, ulimi uko nje. Nikaona basi, kumbe ndivyo tunavyofanya."

Nje mtu alipita anaendesha baiskeli yenye mnyororo mkavu. Kelele yake ilichukua muda mrefu kuisha.

"Na ile ya funguo mbili," Fundi aliuliza, "hiyo uliitoa wapi?"

"Hiyo unaisema ukiwa usingizini," alisema Chiriku.

*

Siku zilizofuata zilipita kama zimefunikwa shuka jepesi. Fundi alichonga funguo, tupa ikikwaruza, unga wa shaba ukimwagika magotini pake, na mji wote, uliokwisha kuusoma mpango wa funguo mbili ubaoni, ukawa unamletea habari za mke wake.

Mama mmoja mwenye genge la mboga alikuja kutengeneza kufuli lake. "Mwambie mwenzio kura yangu anayo," alisema. "Mwezi wa pili mwanangu alianguka pale uwanjani, goti limepasuka, damu mpaka kwenye soksi. Kabati la huduma ya kwanza limefungwa. Ufunguo anao Mwenyekiti. Mwenyekiti kasafiri kufuata saruji. Tukamfunga mtoto kwa kitambaa cha kufutia ubao. Sasa mtu anakuja na funguo mbili, mimi nisimpe kura nimpe nani?"

Fundi hakuwa amelisikia hilo. Lilisemwa mkutanoni, mama alisema, alisimama akalisema kwa kulia. Fundi alikuwepo. Alikuwa anatazama dirishani.

Wengine walikuja hawana hata kufuli. Baba mmoja aliyekuwa kinyozi alisema alimwona huyo mama wiki iliyopita kituo cha basi, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mkoba wa kahawia. Mke wa Fundi alikuwa mfupi. Lakini Fundi alisikiliza habari za yule mwanamke mrefu mpaka mwisho, na kinyozi alipoondoka alijikuta anauliza moyoni, ule mkoba kaupata wapi. Ilifika mahali akipita mtaani anapunguza mwendo kwenye kona, asije akamgonga. Nyumbani mchana, akijinyoosha kidogo baada ya chakula, alisikia kandambili zikitembea chumba cha pili, toka kwenye meza ya pasi mpaka dirishani, toka dirishani mpaka kwenye meza ya pasi, kama za mtu anayejaribu hotuba.

Siku ya Alhamisi Mwenyekiti mwenyewe alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata anapokuomba radhi. Alisimama mlangoni mwa kibanda, mwanga wote ukafa.

"Fundi, mimi na wewe hatuna neno, sivyo?"

"Hatujawahi kuwa na neno."

"Sasa huyu mama watoto wako. Nimeulizia kila mahali, hakuna aliyekaa naye akazungumza naye. Na watu wote wako upande wake. Mimi sijapata kuona kampeni ya namna hii, mtu hatoki nje na anashinda." Alipangusa paji la uso. "Mwambie tusigombane bure. Anaweza kuwa makamu. Cheo ni kile kile, ila hakina mbio. Mwenyewe anapenda nini? Nisiende mikono mitupu."

"Anapenda kuvuta pumzi," alisema Fundi.

Mwenyekiti alicheka sana. "Basi mwambie apumzike, mimi nitamsaidia kuubeba mzigo."

"Nitamfikishia."

"Na hizo funguo mbili, hebu nieleweshe. Ufunguo wa pili atakaa nao nani?"

Fundi aliinua ufunguo aliokuwa anauchonga, akaupuliza unga. "Mtu ambaye hayupo kikaoni," alisema.

*

Ijumaa asubuhi alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameshika kikapu na ameuma midomo. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na sindano nyingi.

"Shemeji, toka sokoni mpaka hapa nimepongezwa na watu wanne."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema asante. Ulitaka niseme nini? Nitoe kiti niwaeleze?" Aliweka kikapu chini. "Mtoto kanisimulia. Yule ni mtoto. Wewe je?"

Fundi alianza kupanga vifaa vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Nisikilize," shemeji alisema. "Dada yangu alikuwa hapendi kusimama mbele ya watu. Harusini kwake alijificha jikoni, unakumbuka. Kesho wataita jina lake ukumbini mara mbili, mara tatu, hatainuka mtu. Kisha mmoja atajua. Hukosi mmoja wa kujua. Wataanza kucheka, na hawatakucheka wewe, shemeji. Watamcheka yeye. Marehemu kagombea."

"Nikimpinga, Karani atamfuta. Wino mwekundu."

"Najua."

"Hujui. Kaburini tuliweka ubao, mvua imeufuta. Nguo zake ulizichukua wewe ukawashonea watoto, sikulaumu. Sauti yake nimeanza kuisahau. Kilichobaki ni mistari ile, kwenye daftari la shule. Pale ndipo anapoishi. Sasa nisimame na miguu yangu miwili, nimpinge mke wangu, wamkate kwa rula?"

Shemeji alisogea. Aliokota uzi kwenye bega la shati la Fundi, kama dada yake alivyokuwa akifanya, na wote wawili wakatazama pembeni.

"Yule muuguzi," alisema mwishowe, "yeye naye alijua jambo akanyamaza. Dakika hamsini."

Akachukua kikapu chake akaondoka.

*

Ukumbi wa shule Jumamosi ile ulijaa mpaka kwenye madirisha. Walikuja hata wazazi ambao mahudhurio yao hayakufika vidole vya mkono mmoja, wote wanataka kumwona. Wanawake walivaa vizuri. Vumbi lilielea kwenye miale ya jua iliyopenya juu ya mlango, polepole, bila kutua, na Fundi alipoingia aliona kila uso umegeuka kumtazama, kisha ukatazama nyuma yake, kutafuta anayemfuata. Hakuna aliyemfuata isipokuwa Chiriku na mama yake mdogo.

Daftari lilikuwa mezani. Fundi alishika kalamu. Jina lile, mstari ule, kisanduku cha ishirini na moja. Akaikaribisha kalamu kwenye karatasi akasubiri ukumbi unyamaze kama siku zote. Haukunyamaza. Viti vilikwaruza. Mtu alikohoa. Mtoto mchanga alikuwa analia safu ya tatu, na kwa mara ya kwanza Fundi aliyasikia yote hayo, kila moja mahali pake.

"Fundi, sogea," mtu alisema nyuma. "Hilo si kufuli."

Watu wakacheka. Fundi akaiweka kalamu chini bila kuandika, akaenda kukaa safu ya mbele.

Mwenyekiti aliongea kwanza, kurasa nne zote. Wakampigia makofi ya adabu. Kisha Karani alisimama, rula kwenye mkono mmoja, daftari kwenye mwingine, na kichupa cha wino mwekundu kimekaa mezani, kimefunguliwa kwa ajili ya utaratibu tu.

"Mgombea namba mbili," alisema, akalitaja jina lote, la kwanza na la pili. Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja kwa sauti mbele ya Fundi miaka mitatu. Lilitembea juu ya vichwa vya watu, likafika ukutani, likarudi. "Yupo?"

Vichwa vikageukia mlangoni.

Karani alilichungulia daftari. "Sahihi yake ya leo siioni," alisema kwa wasiwasi. "Haijawahi kutokea." Akaita mara ya pili.

Fundi alipiga moyo konde akasimama.

"Hayupo," alisema. "Mke wangu alifariki. Mwaka ule ule aliomwandikisha mtoto."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa ameshajiandaa kwa kicheko, ngumi imefungwa kwenye mkoba, na hakikuja. Fundi akaeleza. Alieleza kabati, hatua nane, kikao, benchi, na mfuko wa vifaa uliokuwa miguuni pake. Hakupamba. Alieleza mkutano wa kwanza aliokuja mke wake na mikutano kumi na tisa aliyokuja yeye akaandika jina ambalo si lake. Akasema mtoto asilaumiwe. Akasema wino uko pale, wafanye wanavyofanya. Kisha akabaki amesimama, mikono ikitafuta mfuko wa vifaa ambao leo hakuubeba.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Msiba mkubwa, pole sana Fundi," alisema, na pengine alimaanisha. "Basi, kwa utaratibu, mgombea amebaki mmoja."

"Bado," alisema mama wa genge la mboga, amesimama na mtoto wake mwenye kovu gotini. "Kaa kwanza, Mwenyekiti."

Wote wakamgeukia Karani. Mzee alikuwa amechovya kalamu kwenye wino mwekundu na rula imeshalala juu ya mstari, chini kidogo ya zile herufi kumi na saba. Kitone kimoja kikaning'inia kwenye ncha. Aliutazama mwandiko wa kisanduku cha kwanza, kisha wa pili, kisha akapita na macho mpaka wa ishirini, akarudi. Yote sawa. Siku tatu alizopima kwa rula hakuona tofauti, na sasa ameambiwa ipo, bado haioni.

"Kifungu cha tatu," alisema polepole, kama mtu anayezungumza akiwa bado hajaamka, "kinasema anateuliwa aliyehudhuria. Hakisemi aliyeandikwa. Fundi, wewe ulikuja?"

"Nilikuja."

"Uliyasikia yaliyosemwa?"

Fundi alimtazama yule mtoto mwenye kovu. "Hapana," alisema. "Kusema kweli, mzee, kila nilipokuja, mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni yeye."

Karani aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi akaishika hewani, mbali na majina ya watu wote. Dirishani vumbi lilikuwa bado halijatua. Chiriku alikuwa amemshika baba yake kidole kimoja, na kwa mara ya kwanza toka asubuhi alikuwa hana neno.

"Basi nisaidieni, wenzangu," mzee aliwaambia wazazi mia mbili na zaidi, "maana rula imenishinda. Mikutano hii kumi na tisa, aliyehudhuria alikuwa nani?"